Sababu Ziko Nyuma ya Karatasi

Bunia, Rwambuzi, 22 Februari 1981

Yaya Paluku,

Unisamehe, kaka yangu, kwa kuchelewa. Bahasha yako ilifika mbele ya Noeli, na leo tunakaribia Machi. Ningesingizia posta, lakini weye uko na akili, unajua posta haina kosa kwa barua ambayo haijaandikwa. Nilianza mara nne. Mara ya kwanza Faida aliamuka. Mara ya pili Hubert alikunywa petroli ya taa, kidogo tu, tukamupa maziwa, akapona, ila siku mbili alinuka kama taa yenyewe. Mara ya tatu biki iliisha wino. Mara ya nne nililala juu ya karatasi. Ukiona doa pale juu, ni mate, si machozi, usijisumbue.

Siye tuko. Katsuva ametimiza miaka saba, anasoma kuliko mimi. Hubert iko na tano. Faida ameota meno mawili na anayatumia. Mama ameandika toka Butembo: mguu unamusumbua wakati wa mvua, na anauliza kama umeoa. Nilimujibu kama unasoma. Baba yao Laurent angali Mongbwalu kwa mambo ya zahabu.

Sasa kazi yako. Ulisema kwa ile memware ya kumaliza masomo unataka kujua namna gani kabila, na kuwa mwanaume ao mwanamuke, na hali ya makao, vinaleta uhalifu. Ukatuma fishi thelathini za kujaza: ishirini kwa avenyu yetu, kumi kwa zile nyumba za juu walimokaa wazungu zamani na leo wanakaa wakubwa. Ukaandika: "Ni kazi ya siku mbili." Yaya, mutu mwenye watoto watatu hajapata kusema kitu ni kazi ya siku mbili.

Nilianza kwa Godelive, jirani, unamujua, wale wa ngombe, wenyeji wa hapa tangu babu.

Nikamuuliza: "Kabila?"

"Weye haujui kabila yangu? Maziwa ya ubatizo wa Faida yalitoka kwa nani?"

"Kaka yangu anataka niulize."

"Basi andika. Na ngombe pia uandike kabila yake, juu maziwa yalikuwa yake."

Nikauliza umbali wa maji. Akasema: "Unaniuliza, na kila asubuhi niko nyuma yako kwa mustari?" Nikauliza wanalala wangapi kwa chumba kimoja. Akasema inategemea nani amekuja kwa matanga. Ile sikuwa na pa kuiandika.

Kule juu ilikuwa rahisi. Boi anafungua mulango, anasema bosi hayuko, andika tu hapa hakuna muhalifu, jandarme si yule analinda kwa barza? Mugriki mumoja mwenye magazini alijaza mwenyewe. Pale pa kabila aliandika "mufanyabiashara". Pale pa "umekamatwa mara ngapi" alinirudishia karatasi, akasema hajaelewa swali.

Kwa avenyu yetu wote walielewa. Karibu kila mwanamuke amekamatwa. Wanaume, karibu hakuna. Nikajua ukisoma hivi utashangaa, kwa hiyo nyuma ya kila fishi niliandika sababu, maana mbele umeacha mustari mufupi kama kidole cha Faida. Soma nyuma, yaya. Nakuomba.

Niko na neno langu pia. Hospitali ya Nyankunde itachukua wamama kwa mafunzo ya miezi miwili na nusu, kusaidia wazalishaji. Yanaanza tarehe 5 Oktoba. Tunalala kule, na mwenye mutoto wa ziwa anaruhusiwa kwenda naye. Tangu nilipomuzaa Hubert hapa kwa sakafu, mimi na Godelive na wembe, nilisema kazi hii nitaijua. Wanataka karatasi moja tu: atestasio ya mwenendo mwema, ikiwa na sahihi ya shefu wa avenyu, mbele ya mwisho wa Septemba. Uniombee.

Mudogo wako,
Vahwere


Kisangani, 30 Machi 1981

Mpendwa dada Vahwere,

Natumaini barua hii inakukuta wewe na watoto katika afya. Mimi ni mzima, isipokuwa chakula cha hapa chuoni ambacho kimekuwa maharagwe asubuhi na mtoto wake jioni. Fiche zako zimefika zote. Dereva alizibeba pamoja na makayabo, samaki wa chumvi, kwa hiyo wenzangu wanajua nikianza kazi hata kabla sijawasha taa.

Dada, matokeo ni makubwa. Kati ya fiche ishirini za avenue yenu, kumi na sita ni za wanawake waliokwisha kukamatwa. Wanaume ni wawili tu. Kati ya wanawake hao, kumi na mmoja ni wahamiaji kutoka Kivu, yaani watu wetu. Kule juu: sifuri. Profesa alipoona aliinuka kitini. Amesema kila mahali duniani vitabu vinamweka mwanamume mbele kwa uhalifu, na kwamba Bunia imepindua vitabu. Tumeuita "uhalifu wa kike wa wahamiaji". Alinipa mkono, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu wa mwaka wetu.

Inaniuma kama mtu wa Butembo. Lakini mwanasayansi hana kabila.

Kuhusu maandishi yako ya nyuma, usikasirike. Sayansi haisomi nyuma. Profesa amesema nisichanganye takwimu na masimulizi ya akina mama.

Mafunzo ni jambo zuri. Lakini Katsuva na Hubert watabaki na nani? Mimi ningeshauri ungoje mwaka mwingine. Nisalimie shemeji Laurent. Je, ameandika?

Kaka yako,
Paluku


Bunia, 17 Mei 1981

Yaya,

Salamu toka kwetu sote. Nilipopata barua yako nilisema ningoje wiki moja hasira ipoe. Halafu Hubert na Faida wakashikwa na surua pamoja, hasira ikapoa bila kuniomba ruhusa. Sasa wamepona. Katsuva yeye hakushikwa, na anajivuna kama alipasi mutihani.

Mama amesikia kama profesa amekupa mukono. Amefurahi. Sikumueleza kilicho ndani ya huo mukono.

Nisikilize sasa kwa upole, maana nakuandikia kwa upole. Weye umeondoka hapa miaka sita, umesahau Jumamosi. Jumamosi ni salongo: kufyeka majani, kuzibua mifereji. Saa kumi na mbili na nusu shefu wa avenyu, Vital, anapita na jandarme wawili na orodha. Anaita nyumba kwa nyumba, jina la lupango. Asiyeitika anapelekwa kufungiwa kasho mpaka Jumapili jioni. Maji nayo ni bomba moja, kule chini, na mustari wake unaanza bado giza. Sasa fanya hesabu, weye mwenye masomo. Saa kumi na mbili na nusu mwanaume wa lupango iko wapi? Mumoja iko Mongbwalu, mumoja iko kwa lori, mumoja iko nyuma ya choo. Mwanamuke iko wapi? Iko anapanda mulima na bido ya maji kichwani, anakutana na Vital uso kwa uso. Njo uhalifu wa kike huo.

Na wahamiaji, nitakueleza. Siye tuliofika nyuma tulipewa viwanja vya huku mwisho, karibu na barabara. Vital anaanzia huku. Akifika katikati magoti yanamuuma, anarudi. Wenyeji wanakaa kule mbele. Kama Vital angekuwa na magoti mazuri, watu wa Kivu wangekuwa wema sawa na wengine.

Fishi kumi na saba ni yangu. Umesoma: mwanamuke, mugeni, watoto watatu, mume: safari, amekamatwa mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwa maji. Mara ya pili pia. Mara ya tatu nilikuwa nimelala. Faida alikuwa na wiki sita. Tuliingia naye kasho, wanawake wanane na ndoo moja, na ziwa likakauka mpaka Jumatatu. Hii sikukuandikia wakati ule, na nisingeiandika leo. Faida hayumo kwa hesabu yako. Umri wake haukuwa na kisanduku.

Umeuliza habari ya Laurent. Barabara ya Mongbwalu haijakatika, magari yanapita kila siku.

Hesabu upya, yaya. Hesabu kwa nyuma. Sikuombi uongo.

Vahwere


Kisangani, 2 Julai 1981

Dada mpendwa,

Pokea salamu, na uzipeleke kwa watoto na kwa jirani Godelive. Mvua hapa imekuwa nyingi, shuka hazikauki.

Nina furaha kukuambia kwamba nilitetea mémoire yangu tarehe 19 Juni. Nimepewa Distinction. Barua yako ilifika wakati stencil zimekwisha kupigwa, na mpiga chapa ana tabia mbaya, kwa hiyo haikuwezekana kugusa sura yoyote. Lakini ukurasa wa kwanza wa shukrani unasema: "Kwa dada yangu V., kwa uvumilivu wake." Watu waliniuliza V. ni nani.

Ili kazi isibaki kabatini, nimetuma nakala moja Bunia kama mchango wangu kwa viongozi, nikaomba imfikie shefu wa avenue yenu, apate kuwaelewa watu wake vizuri zaidi.

Nimeahidiwa nafasi ya assistant. Nangoja kuitwa. Kwa sasa nalala kwa rafiki, kwani chumba cha chuo nimekitoa.

Habari ya Faida nimeisoma.

Mama anasema mguu umepata nafuu.

Paluku


Bunia, 9 Agosti 1981

Yaya Paluku,

Hongera. Nasema kwa moyo wote, mana nakumbuka Baba aliuza cherehani kwa ada yako ya kwanza. Watoto nao wanakusalimia. Godelive anakusalimia pia, anauliza kama ngombe wake amepata Distinction.

Muchango wako umefika. Vital ameufunga na kitambaa cha plastiki, anaubeba kwa kwapa kama Biblia. Zamani alikuwa anaita majina, basi. Sasa kila Jumamosi mbele ya kazi anatusomea. Anasoma polepole, kidole kwa mustari, fishi moja ao mbili kwa siku, vile zilivyo kule mwisho wa kitabu: "Namba nne. Mwanamuke. Mugeni. Watu sita kwa chumba. Mara mbili." Majina hayamo, lakini watu wanaanza kuangaliana. Mama mumoja akaniuliza: "Ni weye uliniandikaka?" Nikasema ni mimi. Akasema: "Na nilikupa kiti."

Jumatatu nilienda kwake juu ya atestasio. Nitakuandikia maneno vile yalivyotoka.

"Shefu, nimekuja kwa ile karatasi ya Nyankunde."

"Citoyenne Vahwere, mimi binafsi sina shida na weye."

"Aksanti. Basi weka sahihi."

"Shida iko kwa kitabu. Namba kumi na saba, mume safari, si ni weye? Mara tatu."

"Mara zote tatu ulinikamata weye."

"Njo maana ninajua ni kweli."

"Ulinikamata juu ya maji, shefu. Unajua."

"Mimi nilisoma mpaka la sita tu. Mimi ni nani nibishane na sayansi? Tena sayansi ya kaka yako. Kama alikuwa na shaka juu yako, yeye ndugu ya damu, mimi nitatoa wapi imani?"

Yaya, nilitoka na karatasi yangu tupu. Ni mara ya kwanza katika maisha ya Vital kusema neno lisilo na tundu, na ni weye ulimupa.

Sasa nataka barua toka kwako. Nusu ukurasa inatosha. Useme kama makosa yaliyohesabiwa ni kukosa kwa salongo wala si wizi wala kupiga mutu, na kama sababu zimeandikwa nyuma. Uweke muhuri wa chuo. Iwe hapa mbele ya tarehe 15 Septemba. Wiki mbili zinabaki baada ya hapo, na Nyankunde hawatangoja. Nikikosa mwaka huu sijui kama watachukua tena.

Mudogo wako anayekupenda na anayengoja,
Vahwere


Kisangani, 30 Agosti 1981

Dada,

Salamu kwa wote. Nimekuwa na homa lakini imepita.

Barua unayoiomba siwezi kuiandika. Nikiandika hivyo, sura ya tatu inaanguka, na sura ya nne imejengwa juu ya sura ya tatu. Profesa ndiye atakayenipa nafasi. Nilimgusia jambo hilo kwa mbali, akaniuliza kama nimechoka. Naomba unielewe.

Kuhusu kazi, wanasema Januari, labda.

Fiche ziko hapa ndani ya mkoba. Jana nilizitoa nikasoma nyuma, zote ishirini. Sikujua kwamba namba kumi na saba, yako, uliifungia uzi ili niione.

Niambie kama kuna jambo lingine ninaloweza kufanya.

Paluku


Bunia, 13 Septemba 1981

Yaya yangu Paluku,

Barua yako ililetwa Alhamisi. Pole kwa homa. Unywe maji yaliyochemuka, na usilale kwa sakafu ya watu, mgongo wako ni wa familia. Siye tuko wazima. Faida anasimama akishika ukuta. Mama aliandika tena: hajauliza kama umeoa, safari hii anauliza kama umeajiriwa.

Sikukasirika. Nilikaa kwa kiti nikafikiri, ile Alhamisi yote, huku nikichambua majani ya sombe. Ijumaa jioni, chakula kikiwa kwa moto, nilimuachia Katsuva kijiko nikaenda kwa Vital.

Kwanza ujue jambo moja. Vital ameoa Pasaka hii, binti ya mama Bernadette, mujane mwenye kukaa karibu na kanisa. Mwaka jana, bado hajajua kama binti atamupenda, alimukamata huyo mama mara mbili. Tena siku mbaya kwa magoti yake, maana kule kwake ni mbali. Leo ni mukwe wake. Weye unajua mukwe: ukikutana naye njiani unaingia majanini. Aibu yake haitamukwi na mukwe-mwana mbele ya watu. Ikitamukwa, bibi anarudi kwao usiku uleule, na unaenda kumutafuta na mbuzi, na mbuzi wa kwanza hawamukubali.

Nilimukuta kwa barza, kitabu kwa magoti.

"Shefu, kesho unasoma kutoka wapi?"

"Kumi na moja. Hivi hukuona tulifika kumi?"

"Umeisoma mwenyewe mbele?"

"Nitaisoma mbele ya watu. Kwa nini nisome mara mbili?"

"Juu niliiandika kwa mukono wangu. Kumi na moja ni mukwe wako."

Akatazama mulango. Bibi yake alikuwa ndani anasonga bugali. Akashusha sauti mpaka nikamusogelea.

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Wengine wanajua?"

"Mimi tu. Lakini ukisema mwanamuke, mujane, mwenyeji, karibu na kanisa, hata Hubert atajua."

"Kitabu kinaweza kuruka namba?"

"Sayansi hairuki namba, shefu. Ulinifundisha weye."

Akafunga kitabu. Yaya, nilimuhurumia, kweli. Mutu mwenye kitabu kimoja, na kitabu kimemugeuka. Halafu akauliza neno ambalo weye na profesa wako hamukuuliza.

"Lakini alikuwa amefanya nini, yule mama?"

"Alikuwa kwa maji."

"Mara zote mbili?"

"Mara ya pili alikuwa amemubebea maji muchungaji."

"Basi kitabu kina makosa."

"Andika hivyo."

Akachukua karatasi aandike atestasio yangu. Nikamuambia si yangu peke yangu: tuko kumi na sita, na namba kumi na moja yumo ndani. Akasema muhuri utakauka. Nikamuambia nimekuja na bwino, wino wa muhuri, na nilikuwa nimekuja nayo kweli. Akaandika zote kumi na sita pale pale, mimi nikishika taa. Za wenzangu nimewagawia leo baada ya ibada. Yule aliyenipa kiti ameisoma mara mbili, akasema atanipa kiti tena, lakini nisikae sana. Mama Bernadette anauliza yake ni ya nini, nikamuambia mukwe wake anamuheshimu. Akasema alijua.

Jana Vital hakusoma. Alisema kitabu kimerudi ofisini kwa kusahihishwa. Lakini aliita majina kama kawaida, saa kumi na mbili na nusu. Ameacha kitabu, hajaacha orodha, na maji hayajapanda mulima. Jana ilikuwa zamu ya Godelive. Ametoka leo jioni.

Kwa hiyo naenda Nyankunde. Faida naenda naye. Uliuliza Machi Katsuva na Hubert watabaki na nani, swali zuri, nimelifikiria miezi sita. Godelive iko na wake saba. Mama iko na mguu. Habari ya Laurent usiniulize tena, na kwa watoto usiitaje. Na mwisho wa barua yako unauliza kama kuna jambo lingine unaloweza kufanya. Liko. Nafasi yako ni ya Januari, labda. Mafunzo yangu yanaisha mbele ya Noeli. Hesabu mwenyewe.

Andika kwa karatasi ndogo usisahau, ninahitaji hivi:

Mita tatu za kitambaa cheupe, kizito, kisichoonyesha ndani.

Viatu vyeupe vya kufungwa, namba 38. Ukikosa, 39, nitaweka karatasi.

Saa ya mukono yenye mushale wa sekunde, hata ya zamani, ya kuhesabia mapigo ya mutoto tumboni.

Daftari mbili, na biki nne.

Fishi zote ishirini za avenyu yetu. Wenyewe wanazidai.

Bido mbili za plastiki za lita ishirini, maana zangu zinavuja.

Na mutu wa kuzibeba, ni weye, ufike Ijumaa tarehe 2 Oktoba bila kupita, mana Jumamosi asubuhi jina la lupango litaitwa, mimi nitakuwa nafunga mizigo, na weye utakuwa kwa maji.

Na blanketi yako mwenyewe. Kasho haina.

Vahwere